Mkia Uliojibu

Barabara ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora kuelekea machweo, ina mahali ambapo mchana wa jua kali husikii ndege hata mmoja. Watu watakwambia ni joto. Sawa, labda ni joto. Mimi nilipita pale mara nyingi kabla ya jambo hili, sijapita tena, na miguu bado ninayo.

Nataka kueleza nilivyojifunza kuongoza chama. Nasema nilijifunza, ingawa shule yangu ilikuwa fupi: kwa mapadre nilifika mpaka kuandika jina langu na kusoma maandishi makubwa, kisha ng'ombe wa baba wakanihitaji na sikurudi. Kwa hiyo msitafute humu mambo ya vitabuni. Nitasema kama nilivyoyaona, na nikichepuka kidogo mnivumilie, nitarudi njiani.

Chama chetu kilikuwa cha kuzikana. Kilianzishwa pale Kanyenye na watu waliokuwa wapagazi zamani za Mjarumani na kabla yake, watu waliobeba pembe za ndovu na marobota ya nguo kwenda pwani na kurudi. Wengi hawakuwa na ndugu mjini. Alikuwapo Mmanyema, alikuwapo Mnyamwezi, alikuwapo Mzaramo aliyechoka safari akabaki, Mwislamu, Mkristo na yule asiyesema anaabudu nini. Wote waliwahi kuona mwenzao akiachwa kando ya njia, fisi wakimngoja, na wote waliogopa kufa vile. Wakaagana kwamba akifa mmoja wao, waliobaki watambeba na kumzika, popote alipoangukia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya chama, popote alipoangukia. Mwingereza alipokuja kukaa, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alituma mtu kuuliza tunakutania nini. Akaambiwa ni mambo ya maiti. Hakutuma mtu tena.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa kirangozi katika ujana wake. Kwa asiyejua, kirangozi ni yule aliyetangulia msafara, mwenye manyoya kichwani na mzigo mwepesi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Huyu mzee alikuwa mkali, mwenye kisirani, mpenda ugoro, na chama alikiendesha kama msafara ule ule. Tukibeba maiti tulikwenda mstari mmoja, yeye mbele, wabebaji katikati, na mwanachama mpya kabisa nyuma ya wote. Huyo wa nyuma aliitwa mkia.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo lazima niieleze vizuri: kirangozi hageuki. Msidhani ni kiburi. Katika misafara, kirangozi akigeuza uso nyuma maana yake ni moja tu, tueni mizigo. Mtu aliyebeba robota tangu alfajiri huitazama shingo ile kama mfungaji anavyoisubiri adhana ya magharibi. Shingo ikigeuka, mizigo yote iko chini. Sasa mzee wetu, kwa kuwa hawezi kugeuka na masikio nayo yamemchakaa, atajuaje kama watu wanamfuata? Akaweka mwito. Kila baada ya mwendo kidogo alipaza sauti, "Mkia?" na yule wa nyuma alijibu kwa nguvu zake zote, "Upo!" Basi. Mkia ukiwapo, na kiwiliwili kipo. Ndivyo tulivyozikana miaka mingi.

Alipokufa yeye mwenyewe tulimbeba bila mtu mbele, maana hatukuwa tumechagua. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa kwenye ua wa fundi cherehani kutafuta mwenyekiti.

"Tumpe huyu," fundi akasema, akaninyooshea mkasi. "Ana sauti ya punda."

"Sauti tu, bila kichwa?" akauliza muuza dagaa, mtu mnene aliyeletewa mzigo wake kwa treni kutoka Kigoma na kunuka nao wiki nzima.

"Kichwa cha nini? Maiti haisikilizi hotuba."

Wakacheka, wakainua mikono, na mimi nikawa kiongozi kwa sababu ya koo langu.

Hapo ndipo nilipoanza kupata taabu. Kuongoza watu wasiolipwa ni kazi nyingine kabisa. Msimamizi wa reli akimwona mtu mvivu anamkata mshahara. Mimi nimkate nini muuza dagaa? Anakuja kwa hiari yake, akichukia haji. Wapo wanaopenda kuchimba na hawapendi kubeba, wapo wanaofika ugali ukiwa tayari, na yupo mmoja aliyelia kuliko wafiwa kila mara mpaka wafiwa wakaanza kumbembeleza yeye. Nilipiga kelele, nikatoa amri, nikatembea mbele kifua wazi. Mradi nilipouliza "Mkia?" nikajibiwa "Upo!", niliona mambo yanakwenda.

Katika siku hizo mkia wetu alikuwa mrina asali, mtu wa makamo aliyehamia Ipuli na mkewe. Alikuwa na kigugumizi kibaya. Nikiita, jibu lake lilikuja limekatikakatika, "U-u-u-upo!", na mstari mzima ulingoja mpaka limalizike. Watu walimcheka, naye alicheka nao.

Mrina huyo alikwenda porini kushusha mizinga yake, na hakurudi.

Pori lenyewe lilikuwa lile la kusini-magharibi, ambako Mwingereza aliwahamisha watu kwa ajili ya malale. Aliwakusanya wakakae pamoja mahali palipofyekwa, mbali na mbung'o, na vijiji vikabaki vyenyewe. Nyumba zikaanguka. Minyaa iliyozungushwa kuwa ua ikakua ikawa miti. Warina waliendelea kuingia kwa sababu nyuki hawakuhamishwa. Kaka zake walimfuata, wakakuta shoka lake na kilindo chake, kile chombo cha gome cha kutilia asali, chini ya mti wenye mzinga. Kilindo kilikuwa kimejaa na kufunikwa vizuri. Mwenyewe hakuonekana, wala damu, wala nguo.

Mkewe alinijia asubuhi moja. Alipiga goti, akaniamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Kaa, mama."

Hakukaa. "Nimekuja mnizikie mume wangu."

Nikamwambia hatuna maiti. Akasema anajua. Kisha akanieleza anavyoishi. Kaka za mumewe walisema ndugu yao yu hai, amekwenda Tanga kwenye mkonge kama wengi walivyokwenda bila kuaga, na mke wa mtu aliye hai hakai matanga wala harudi kwao. Kila jioni walimwagiza ampakulie. Alisonga ugali, akautenga na mboga mahali mumewe alipozoea kukaa, akaacha maji ya kunawa kando. Asubuhi alikuta chakula kipo vile vile, akakitupa, na jioni akapakua tena. Alifanya hivyo tangu mavuno mpaka mvua zikaja zikaondoka.

"Baba, sasa naogopa," akasema. "Siogopi kwamba hatakula. Naogopa asubuhi nikute kimeliwa."

Alitaka kitu kimoja: kaburi. Akipata kaburi atakaa matanga, tanga litaanuliwa, atanyolewa, atarudi kwa mama yake Nzega akiwa mtu mzima mwenye jina, mjane. Bila kaburi hakuwa mke wala mjane.

Nikawaita wanachama na kaka zake. Mkubwa wao, mtu wa maneno mengi, akasema, "Leteni hata mfupa wa kidole, tutakubali. Bila hivyo, shemeji yetu ana mume." Basi tukaazimia kwenda kumtafuta. Popote alipoangukia.

Kwenye kizuizi cha malale alikuwapo askari na wavu wake wa kunasia mbung'o kwenye nguo za wapitao. "Mnatafuta nini huko?"

"Mtu wetu."

"Hai au maiti?"

"Ndiyo tunakwenda kujua."

Akatazama mstari wetu, akasogea pembeni. "Mkirudi mpite hapa hapa niwapanguse."

Nilikuwa mbele. Mkia siku hiyo ulikuwa wa muuza dagaa, kwa kuwa mrina hayupo na hakuna mwingine aliyekubali kukaa nyuma katika pori lile. Tulifika kwenye ule mti wa mzinga, tukazunguka, tukafukua majani, hatukuona kitu. Mbele yake njia iligawanyika. Ya kulia ilikuwa ya warina. Iliyonyooka ilikuwa barabara ya misafara, imeota nyasi lakini bado unaiona, kwa sababu ardhi iliyokanyagwa vile haisahau upesi. Nikashika iliyonyooka.

"Mkia?"

"Upo!"

Tukaenda. Jua likapanda. Nikaita, nikajibiwa. Tukashuka kwenye bonde kavu tukapanda ng'ambo, nikaita, nikajibiwa. Na nitasema kweli, nilifurahi. Chama hakijapata kutembea vizuri vile. Hakuna aliyeomba ugoro, hakuna aliyelalamikia mwiba, fundi hakukohoa kikohozi chake. Nikajisemea moyoni, leo wamenyooka, sasa ninajua kuongoza. Sauti tu ilikuwa nyepesi kuliko ya muuza dagaa, nikadhani ni umbali. Lakini umbali wenyewe haukubadilika. Kwenye nyasi ndefu na kwenye mchanga mtupu, tukipanda na tukishuka, ilitoka mahali pale pale, nyuma yangu kidogo.

Nikaingia mahali palipokuwa kijiji. Minyaa ilisimama mirefu pande zote. Mafiga yalikuwa bado matatu-matatu, na juu ya mafiga ya nyumba moja chungu kilikaa kimetulia, kumbe hakina tako, nyasi zimepita ndani yake. Hakukuwa na nzi. Koo lilikuwa limenikauka kwa kuita, na kibuyu cha maji alikibeba muuza dagaa.

"Mkia, lete maji!"

"Upo!"

Nikadhani hakusikia. "Maji, bwana! Lete maji!"

"Upo."

Mara hii haikupaza. Ilisema polepole, kama mtu aliye karibu anavyosema na mtu aliye karibu.

Nikageuka.

Barabara niliyoijia ilikuwa imenyooka kati ya minyaa, nyeupe kwa jua, naona mpaka inapoingia miti. Hakuwapo mtu. Hakuwapo fundi, hakuwapo muuza dagaa, hapakuwa na unyayo juu ya nyayo zangu. Na kwa sababu nilikuwa nimegeuka, kwa sababu shingo ya aliyetangulia imegeuka, nikasikia mzigo unatuliwa. Ulitua taratibu juu ya ardhi, kama mtu anavyotua kitu asichotaka kimwagike. Kisha nikasikia pumzi ya kuchoka.

Hapo mtu angekimbia. Ningekimbilia wapi? Njia ilikuwa moja, na ya kurudi nyumbani ilipita hapo ilikotoka pumzi. Nikasimama mpaka nikaona kusimama kunanitisha kuliko kwenda. Nikasema, "Pumzika, ndugu yangu." Sikujua la kusema, na ndivyo mpagazi aliyetua huambiwa. Nikatembea. Kando ya barabara, mahali pamoja, nyasi zilikuwa zimelala duara, kama kitu kimekaa juu yake, na wakati napita zikaanza kuinuka moja moja. Sikuinama kutazama. Sikuita tena njia nzima, na kila hatua mgongo wangu ulikuwa unasikiliza.

Wenzangu niliwakuta chini ya ule mti wa mzinga, wamelala wakifukuza mbung'o kwa matawi.

"Huyo amekuja!" akasema fundi. "Mwenyekiti wa miti!"

"Tulikuita mpaka tumbo likauma," akasema muuza dagaa. "Umeshika barabara yenye majini, sisi tukasema hapana. Tukapiga kelele, shingo yako ngumu, haigeuki. Tukakuacha."

"Mliniacha wapi?"

"Hapa hapa. Hatukuvuka hata mti huu."

"Nani amenijibu?"

"Amekujibu nini?"

Nikawaeleza. Walianza kucheka, wakanitazama, wakaacha. Muuza dagaa alinipa kibuyu mwenyewe, akanishikia nikinywa. Fundi akauliza kwa sauti ndogo ilikaa wapi hiyo sauti. Nikasema ilikaa mahali pa mkia. Wote tulijua ni mahali pa nani.

Hapa nichepuke kidogo. Tangu siku ile nilianza kugeuka. Nilisema moyoni, sitaongoza tena watu nisiowaona. Mazishi yaliyofuata, ya mama mmoja wa Ipuli, nilitoka na jeneza, baada ya mwendo nikageuka, nao wakatua jeneza. "Bebeni!" Wakabeba. Nikageuka tena, wakatua. Mama wa watu alitua na kupanda mpaka wanawe wakanikasirikia. Mwisho nikaacha kutembea mbele kabisa. Nikakaa katikati, ubavuni mwa wabebaji, nikisikia wanavyonung'unika, nani bega limechubuka, nani amegombana na nani. Minong'ono hiyo ilinifundisha chama kuliko miaka yote ya kuita na kuitikiwa. Mtu anayenung'unika una hakika yupo. Haya, nirudi.

Siku ya pili ya kutoka porini tulikutana kwenye ua wa fundi baada ya alasiri, kaka za mrina wakiwapo na mkewe amekaa mkekani na wanawake. Nikasimulia yote. Fundi alikuwa amenishauri nifiche, niseme tumeokota mfupa, mifupa porini haina jina. Nilishindwa. Nilipomaliza, kaka mkubwa alisimama amefurahi kama mtu aliyeshinda bao.

"Mmesikia! Anayeitika yu hai! Mwenyekiti ameitikiwa kwa masikio yake mwenyewe. Maiti inajibu? Shemeji, nenda nyumbani kapakue."

Ua ukavuma. Wengi walikubali. Hata wanachama wangu waliitikia kwa vichwa, maana neno lilikuwa na sura ya kweli. Nami nikaona nimemfunga yule mwanamke kwa ulimi wangu. Ningeweza kusema ulikuwa mwangwi. Ningeweza kutoa amri kwa ile sauti ya punda. Badala yake nikageuka kumtazama, kwa kuwa katika maneno yote hayo hakuna aliyemuuliza kitu.

"Mayu, wewe unasemaje?"

Akauliza, "Baba, alijibu mara ngapi?"

"Nyingi. Njia nzima ya kwenda."

"Na neno lilitokaje? Lilikatika?"

Sikuwa nimelifikiri. "Halikukatika. Lilitoka zima."

"Kila mara?"

"Kila mara. Niliita, likatoka, zima."

Mwanamke akamgeukia kaka wa mumewe. "Shemeji, wewe umekua naye. Uliwahi kumsikia akitoa neno zima?"

Hakumngoja ajibu.

"Alipokuwa akimlilia mama yenu, lilikatika. Alipokuwa anaota, lilikatika. Akiniita mimi jina langu, lilikatika. Kama sauti ile si yake, basi hatuna habari yake mpaka leo, na kwenye mkonge hakuna aliyemwona. Na kama ni yake, kigugumizi kimemtoka. Mtu hai hatokwi na kitu kama kile. Nizikieni."

Kaka mkubwa akakaa chini. Akachora mavumbini kwa kidole. "Tuzike nini sasa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Hatukuwa na mila ya jambo hilo. Tuliitunga pale pale, kila mmoja akitia neno, mimi nikisikiliza tu. Tukakubaliana tuvishe sanda shoka lake. Mwalimu wa dini wa kanisa lao alikuna kichwa, akasema atasali, na Mungu atajua anasaliwa nani.

Kesho yake tukaenda makaburini. Kwa Waislamu wanawake hawaendi, lakini yeye alikuwa Mkristo na hakuna aliyemzuia. Shoka lilikuwa jepesi, fundi alilibeba mikononi kama mtoto. Wachimbaji walipoanza kuweka alama, walichora kishimo kidogo cha kutosha mpini.

"Hapana," akasema mjane. "Chimbeni urefu wake."

"Urefu wake tunaujua?" akauliza muuza dagaa. "Alikuwa nyuma yetu siku zote."

Akatazama ardhi. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaitandika, akalala juu yake kwa ubavu, mgongo kwetu, kama anavyolala mtu aliyeacha nafasi mbele yake. Wanaume waligeuza nyuso. Mimi sikugeuza. Akanyoosha mkono kupita kichwa chake mwenyewe, akaweka kiganja juu ya udongo. "Kichwa chake kilifika hapa." Akakunja goti kidogo. "Miguu ilinipita hapa, shibiri na zaidi."

Kaka mkubwa akachukua jembe mikononi mwa mchimbaji, akachora mstari palipokuwa kiganja, na mwingine kule miguuni, polepole asimguse. Mjane alikaa vile kidogo, mkono bado umenyooka. Kisha akainuka, akakung'uta kanga, akajifunika nayo kichwa.

"Chimbeni," akasema. "Mimi nakwenda kukaa matanga."